Vyura wa Merikit, na Jina Langu Chini ya Picha Yako

Ajiambo mwanangu,

Sianzi na salamu, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na ninakusikia chumba cha pili ukifungua tena zipu ya mkoba wa kamera. Hii ni mara ya nne. Lenzi ziko mle mle ulimoziweka, hazijatembea.

Nimekaa studio, kwenye kiti cha wateja, na karatasi hizi nimezichomoa kwenye daftari lako la zamani la Bayolojia. Nje malori yamepanga foleni kungoja kuvuka. Kesho asubuhi utavuka mpaka kwa miguu kama tunavyovuka tukienda kununua unga upande wa Kenya, ila safari hii jioni hutarudi. Mambo ya chandarua, ya kufua, ya kula vizuri na ya kumcha Mungu, shangazi yako wa Masafu alikuambia Jumapili nzima, na nilikuona ukiitikia kwa kichwa huku macho yako yakiwa Tanzania. Sitayarudia. Na nikisema ukweli, nina furaha mno leo kuweza kuandika habari za sabuni.

Mwaka mzima katika misitu ya Usambara, kazi yako ikiwa kutafuta vyura wa miti na kuwapiga picha. Leo nimemwambia kila aliyekaa kwenye kiti hiki. Ajenti mmoja wa kliaransi, wale wanaotoa mizigo forodhani, aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaniuliza, "Mama Ajiambo, kwa hiyo hata chura iko na kazi?" Nikamwambia iko. Nikamwambia anyooshe shingo na aangalie hapa.

Watu wanafikiri ni mimi niliyekupeleka kwenye vyura, na nimewaacha wafikiri hivyo. Wewe mwenyewe sijui unakumbuka nini, ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nawachukia. Nilipokuwa msichana Merikit, chura akiingia jikoni nilipanda juu ya kiti, na bibi yako akamsukuma nje kwa ufagio huku akinicheka. Nilipoolewa na baba yako nikaja hapa Busia, nikafungua studio, na kazi yangu ikawa nyuso: nyuso za madereva, za akina mama wanaovuka na mayai na nyanya, za vijana wanaotafuta vibali. Baba yako alikuwa barabarani na lori lake wiki tatu katika kila mwezi. Kamera ndiyo iliyotulisha siku ambazo hayupo, na sikutaka iguswe na mtu.

Ulikuwa na miaka minane. Tulikuwa kwa bibi yako wiki ya Pasaka, mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na jioni ukaja umelowa chapachapa. Ukasema, "Mama, kuna kitu kimekaa kwenye jani la mgomba. Kina vidole kama vifungo."

Nikakwambia ukabadilishe nguo. Ukaenda, ukabadilisha, ukarudi ukasimama mlangoni. "Bado kipo."

Nikasema kamera ni ya kazi. Hukulia wala hukubishana. Ulimgeukia bibi yako ukamwomba mkaa, ukachukua kalenda ya mwaka uliopita, ukaigeuza nyuma, ukatoka nayo nje. Uliporudi ulikuwa umechora chura mwenye jicho kubwa kuliko kichwa chake, na kila kidole kina duara mwishoni. Nilicheka. Nikakuambia hakuna mnyama wa namna hiyo, twende nikakuonyeshe ulivyokosea.

Nilitoka kwenda kukusahihisha, Ajiambo. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Hukuwa umekosea sana. Alikaa ubavuni mwa jani, wa kijani kibichi, si mkubwa kuliko dole gumba langu, amejikunja miguu kama mtu anayeona baridi. Nilipiga picha kumi na nne zote zenye ukungu. Ya kumi na tano ilikuwa na ukungu kila mahali isipokuwa jichoni. Jicho la dhahabu, katikati mstari mweusi, na juu ya mstari tochi yangu ndogo ikiwaka. Niliitazama kwenye kioo cha kamera pale pale mvuani mpaka bibi yako akapiga kelele kwamba kamera italowa. Mwanamke ambaye miaka kumi alikuwa anawaambia watu wasitabasamu alikuwa anatabasamu mwenyewe gizani kwa ajili ya chura.

Tangu hapo kila mvua ya kwanza tukawa tunapanda boda boda kwenda Merikit, na baada ya muda uwanja wa bibi yako ukawa mdogo kwetu. Uliwasikia kule bondeni, kwenye mashamba ya mpunga na matete, maelfu, kama watu wanaogonga chupa za soda kwa kijiko, na juu yao wengine wenye sauti ya zipu inayofungwa haraka. Vyura wa miti wanaimba usiku na sisi tukawa watu wa usiku, mimi na gambuti za baba yako zilizonizidi, wewe na zako nyekundu, kopo jeupe la aiskrimu tumelikata na kulifunga mbele ya flashi ili mwanga usiwachome macho.

Usiku wa mzee Okiror unaukumbuka, najua, maana umewasimulia marafiki zako mara nyingi. Lakini huwa unaisimulia kama hadithi ya kuchekesha, na unaniruka mimi. Ngoja niisimulie vile ilivyokuwa kwangu.

Tulikuwa tumepiga magoti kwenye maji, tochi zimeelekezwa chini, tukisogea taratibu. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ghafla taa tatu zikatuwakia kutoka kwenye tuta la shamba na mtu akasema, "Simama hapo hapo." Alikuwa mzee Okiror, mwenye shamba, na majirani zake wawili, na mkononi ana panga. Unajua kule watu wanavyowaogopa wakimbiaji wa usiku, wale wanaosemekana kuzunguka nyumba za watu gizani na kurusha mchanga mabatini. Na sisi ni nani? Mwanamke na mtoto, wamejaa matope, saa nne ya usiku, kwenye mpunga wa mtu.

"Nyinyi ni watu gani? Nafanya nini kwa shamba yangu?" Kiswahili chake unakijua, "nafanya" kwake ni mnafanya, ni anafanya, ni yote.

Nikasema, "Tunatafuta mbuzi, mzee. Mbuzi wetu amepotea."

"Mbuzi nalala kwa maji?"

Wale wawili wakaanza kushuka tuta. Ndipo wewe ukasimama, maji yanachuruzika kwenye sketi, ukasema kwa ile sauti yako ya kusoma darasani, "Shikamoo, babu. Tunapiga picha za vyura."

"Za nini?" mzee akauliza.

"Za vyura. Wa kwako wana mistari. Nikuonyeshe?"

Akashuka yeye mwenyewe. Akainamia kioo cha kamera, panga limening'inia kando kama amelisahau, akatazama muda mrefu. "Hii iko kwa shamba yangu?"

"Iko pale, kwenye tete la tatu."

"Tangu nikiwa kijana nasikia hii kitu nalia," akasema. "Sijajua nakaa namna hii." Halafu akawaita wale majirani. "Kujeni muone. Kujeni polepole, itaruka."

Kuanzia usiku ule alikuwa akitungoja mvua zikianza, na ndiye aliyetufundisha tuta lipi linapitika na lipi linadidimia. Sasa, wewe huona sehemu ya kuchekesha ni mbuzi. Mimi nilirudi nyumbani na aibu mbili. Ya kwanza ni kwamba uongo wangu ulikaribia kutupigisha, na ukweli wako ulitupatia rafiki. Ya pili ilikuwa chini zaidi. Nilidanganya kwa sababu niliona haya kupenda kitu ambacho watu hawakipendi. Hata hapa Busia wateja walipouliza matope kwenye viatu yametoka wapi, nilisema nilikuwa mazishini Merikit. Kwa mazishi niliyoyataja mwaka ule, Merikit ingebaki bila mtu. Huko uendako watu watakuuliza unafanya nini na utaona wanavyokunja uso. Wewe hukuwahi kuona haya, na sikukufundisha mimi. Sijui ulilipata wapi hilo. Nilitaka tu ujue kwamba mama yako alikuwa akilitazama na kulitamani.

Mzee Okiror ndiye aliyetuonyesha majani pia. Ulikuwa umefika miaka kumi na mmoja. Alitupeleka ukingoni ambako nyasi ndefu zinainamia maji, akamulika majani manne yaliyokunjwa katikati na kugandishwa kingo zake, yamefungwa kama bahasha. Hatukujua ni kazi ya nani mpaka tulipomwona amekaa juu kidogo, yule mdogo wa manjano mwenye mistari ya kahawia. Ukampa jina papo hapo: Fundi. Hutaga mayai juu ya jani, akalikunja, akaligandisha kwa ute wake, na mayai yakakua humo ndani salama mpaka viluwiluwi wadondoke majini. Tulikaa pale tukishikana mikono kama tumeona malaika.

Halafu wewe ukaenda na mzee kutazama upande wa pili wa tuta, na mimi nikabaki.

Hapa kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilitaka kuyaona mayai. Nilijiambia nitalifungua kidogo tu na kulirudisha. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa jani la nne, likaachia, na ndani yakawa yamepangwa, meupe, madogo kama punje za uwele, kila moja ndani ya tone lake la ute. Nikapiga, na ilikuwa picha kali kuliko zote nilizokuwa nimewahi kupiga. Nililirudisha jani. Halikushika. Nililibana kwa vidole, nikahesabu mpaka mia, nikaliachia, likafunguka tena. Uliporudi nilikuwa nimesimama mbali nalo.

Siku mbili baadaye tulipopita, sisimizi walikuwa wameingia na yaliyobaki yamekauka. Ukaniuliza, "Mama, mbona hili limekauka na mengine bado?"

"Jua," nikasema.

Ukatazama yale majani matatu, yaliyoning'inia kwenye jua lile lile. Miaka mingi baadaye, nikipanga vitabu vyako, nilifungua daftari lako la vyura nikakuta ukurasa wa siku ile. Umeandika kwa penseli: "Jani la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, salama. La nne, lilifunguliwa." Hukuandika na nani.

Nililirudisha daftari mahali pake. Wewe hukuuliza, mimi sikusema, tukaendelea kwenda bondeni. Ningekuwa nimejifunza siku ile ya jani, nisingefanya lile la Tororo. Lakini mtu akinyamaza kwa kosa dogo na dunia isianguke, anapata moyo wa kubwa.

La Tororo unalijua lote, na tulishalimaliza. Naliandika kwa sababu hujawahi kulisikia kutoka upande wangu, na kwa sababu kesho unaingia kwenye kazi ambayo chini ya kila picha kuna jina.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ile picha uliipanga siku tatu kichwani kabla ya kuipiga. Dume akiimba, koo limevimba kama kibofu, mwanga unatoka nyuma yake mpaka koo lote linang'aa na mishipa inaonekana kama mito kwenye ramani. Uliniweka nyuma ya matete na tochi, ukaniambia nisipumue. Ulipiga mara moja. Mimi nimekaa studio miaka yote hii, Ajiambo, na nilipoiona nilijua sitapiga picha kama ile maisha yangu yote.

Yakaja maonyesho ya wapiga picha pale Tororo. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mpiga picha. Nikaandika langu. Natamani ningeweza kukuambia mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilikuwa na sababu zangu zimejipanga: kamera ni yangu, taa niliishika mimi, studio itapata wateja, nani ataamini msichana wa shule. Mtu anayeiba huwa hakosi sababu, na za kwangu zilikuwa nzuri sana.

Ulikuja na wenzako mkiwa na sare. Nilikuona kutoka upande wa pili wa ukumbi. Ulisimama mbele ya picha, ukasoma karatasi iliyo chini yake, ukasimama kidogo tena. Kisha ukaja kwangu, ukanisalimia, ukasema, "Imetoka vizuri, Mama. Wameikata kidogo upande wa kushoto."

Ni hayo tu. Wenzako walinipongeza. Na mvua za mwaka ule zilipoanza ulisema una kazi ya shule. Za pili zikaja, una mtihani. Gambuti zako zikakauka nyuma ya mlango mpaka buibui akajenga ndani.

Nilikwenda peke yangu. Nilikwenda mara nne, na mzee Okiror kila mara akiniuliza, "Mwalimu iko wapi?" Alikuwa anakuita mwalimu. Sikupata picha hata moja ya maana, na nilichelewa kuelewa kwa nini. Miaka yote nilidhani tunatafuta pamoja. Kumbe nilikuwa naelekeza kamera pale unaponyooshea kidole. Nilisimama kwenye yale maji vyura wakiimba pande zote, na sikuona hata mmoja.

Nilikwenda Tororo kwanza, kabla ya kukuambia. Picha ilikuwa imetundikwa kwenye korido ya ofisi moja. Nikamwambia karani nataka kubadilisha jina.

"Kwani mwenyewe ni nani?"

"Binti yangu."

"Si ni nyinyi kwa nyinyi?"

"Hapana," nikasema. "Si sisi kwa sisi."

Akanitazama, akanipa kalamu. Nikalikata jina langu mwenyewe kwa mstari mmoja, nikaandika lako. Kisha nikarudi Busia nikakukuta jikoni ukichagua maharage. Nikakuambia nilichofanya, kuandika jina langu na kulikata. Hukuinua kichwa. Ukauliza, "Ulifikiri sitajua?"

"Nilijua utajua. Nilifikiri utanyamaza."

Ukatoa jiwe dogo kwenye ungo, ukaliweka pembeni. "Nilinyamaza."

Hukunikumbatia, na sikustahili. Lakini wiki mbili baadaye mvua ilinyesha mchana, na nilipotoka studio jioni gambuti zilikuwa mlangoni, zimeoshwa, jozi mbili.

Sasa niandike lile linalonifanya nishindwe kukaa kitini.

Mvua za mwaka jana. Wewe umerudi kutoka chuo, mzee Okiror miguu haimbebi tena vizuri lakini amekuja mpaka kwenye tuta na kiti chake cha plastiki. Tumekuwa tukiwatafuta Mafundi kwa miaka kumi na mmoja na hatujawahi hata mara moja kumwona akikunja. Tulikuwa tunakuta majani yamekwisha kufungwa. Na usiku ule ukaninyamazisha kwa kiganja, ukanyoosha kidole. Walikuwa wawili, dume mgongoni mwa jike, juu ya jani moja la nyasi lililoinamia maji, na mayai yanatoka.

Ulipiga tatu. Kisha miguu ya nyuma ikashika kingo mbili za jani ikaanza kuzivuta, na mimi neno lilikuwa moja tu mdomoni: piga. Nilikuwa natetemeka mpaka maji yanacheza ndani ya gambuti. Ukashusha kamera.

"Piga," nikanong'ona. "Ajiambo, piga."

"Ngoja, Mama. Wamesimama."

Ni kweli, walikuwa wamesimama. Miguu imeganda, jani nusu limekunjwa. Ukazima flashi. Ukachukua leso yangu begani, ukaizungushia tochi mara mbili mpaka mwanga ukawa kama kaa la moto linalozimika. Tukangoja. Mbu walikula uso wangu wote. Sijui ni dakika ngapi, wewe uliziandika. Kisha mguu mmoja ukasogea. Halafu wa pili. Wakaendelea, wakashuka na jani taratibu, wanavuta, wanabana, wanasogea, wanabana, mpaka mwisho. Tuliona lote. Mzee kutoka kwenye tuta akauliza kwa sauti ya chini, "Nafanya?" Ukamjibu, "Inafanya, babu."

Hakuna picha yake. Walipoondoka ulipiga moja, ya jani lililofungwa, basi. Usiku ule nililala na huzuni kidogo, nikikuonea huruma. Nilikuwa sijaelewa.

Wiki sita zilizopita watu wa kambi ya Usambara walipokupigia kukuhoji, ulikuwa umekaa kwenye benchi la studio na mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mteja. Simu ulikuwa umeiweka kwenye spika. Mama aliyekuwa akikuhoji alisema, "Katika picha kumi ulizotutumia, moja ni ya jani tu. Kwa nini umeituma?"

Ukamwambia. Taa, kusimama kwao, leso. Ukamwambia ulipiga tatu kabla ya kukunja na hukupiga tena. Kisha ukaongeza kitu ambacho hakukiuliza. Ukasema, "Zamani tuliwahi kulifungua jani kama lile, na mayai yakafa. Ndiyo maana."

Tuliwahi. Nilimwacha mteja ameinua kidevu, nikatoka kupitia mlango wa nyuma, nikasimama kando ya mtaro wa maji machafu nikilia kama mtoto, na niliporudi ulikuwa umesimama katikati ya studio na simu mkononi na wamesema ndiyo.

Hukuwahi kulifungua jani lolote, Ajiambo. Ni mimi. Ni ukucha wangu, jani la nne, wewe ulikuwa upande wa pili wa tuta na mzee. Nimechukua miaka kumi na miwili kuandika sentensi hiyo. Daftari lako la vyura liko hapa mezani, na nikimaliza barua hii nitalifungua kwenye ukurasa ule niongeze maneno mawili baada ya neno lako la mwisho: na Mama. Utakosea huko msituni. Utakanyaga usichokiona, utasogeza tawi usilopaswa kusogeza kwa sababu picha inakuita. Nakuomba kitu kimoja tu, useme siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, hata kama hakuna aliyeona. Ukilala na kosa usiku mmoja linakuwa zito, na mimi najua uzito wake baada ya maelfu ya usiku.

Lakini sitaki uende na uzito wangu. Nenda na furaha, maana mimi ninayo ya kukutosha. Jana nimetazama kwenye simu mpaka chaji ikaisha: kuna vyura huko ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, wa rangi ambazo sijui nizitaje vipi, wanaoishi juu kabisa ambako itabidi upande. Baba yako amenipigia akiwa njiani, lori limekwama kwenye mizani ya barabarani, na hata yeye ambaye humwita kila chura "kile kitu" aliuliza, "Wale wa huko ni wakubwa?" Nikamwambia utatuambia. Nakuonea wivu, mwanangu, wivu wa kweli, ule wa mpiga picha kwa mpiga picha, na ninafurahi kuwa nao.

Sasa kuhusu picha. Zile nzuri peleka kwa wenye kazi. Zitachapishwa, zitaandikwa jina lako, na watu wengi wataziona kabla yangu, sawa. Mimi nitumie zile mbovu. Ile ambayo chura amesharuka na kumebaki jani linatikisika. Ile yenye mguu mmoja pembeni na giza tupu. Ile uliyopiga kwa kuteleza, ya matope na nusu ya kiatu chako. Usizifute, na usiandike chochote chini yake. Nitakaa hapa kwenye kiti cha wateja nizitazame moja moja, na hata zikiwa zimechanganyika na za watu mia, zako nitazijua.

Mama yako